Mwanamke wa Kopo la Kumi na Moja

Mwanamke niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Najua inavyosikika. Cheka kwanza, nitakusubiri.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na tisa, fundi cherehani, mtu mzima mwenye wateja wake. Nilikuwa nimeshaishi miji minne, na miwili kati ya hiyo niliihama kwa sababu ya mwanamume. Mimi si mtu wa kurusha masufuria. Nikiumizwa nanyamaza, naifunga cherehani kwenye sanduku lake, nakunja nguo zangu, na kesho yake anayenitafuta anakuta kufuli mlangoni. Shangazi, dada yake baba, niliyekuwa nakaa kwake, alizoea kusema kwamba hasira zangu ziko miguuni.

Mwanamume wa tatu watu walimwita Mpini. Siku za kazi alikuwa mtunza maktaba: anafungua, anafagia, anagonga mihuri, anawanyamazisha wanafunzi. Kazi ya moyo wake ilikuwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alifunga mapazia akaonyesha filamu za mwanzo kabisa, za enzi ambazo senema ilikuwa haijajifunza kusema. Alikuwa na makopo kumi na tisa, aliachiwa na mzee mmoja aliyezunguka nayo nchi kwa nchi mpaka magoti yakamgomea. Kila kopo filamu moja, kila filamu dakika moja hivi. Na kwa kuwa dakika moja ni kidogo, kila filamu aliionyesha mara mbili, kama alivyofanya yule mzee.

Alikuja kwangu mara ya kwanza kutaka kitambaa cheupe cha kuonyeshea.

"Upana mita tatu," alisema, "na kisiwe na mshono."

"Kitambaa cha upana huo hakuna, kaka yangu. Lazima niunge."

Akafikiri kwa muda mrefu kana kwamba nimemwomba figo. "Basi mshono uweke kushoto, karibu na pembeni. Pale hapasimami mtu sana."

"Mtu gani?"

"Njoo Jumamosi uone."

Nikaenda kwa ajili ya mshono wangu, nione kama unaonekana. Nikakuta mwanamume mmoja ukutani anajaribu kupanda baiskeli. Anaanguka mara sita. Mara ya saba anakaa, anatoka nayo nje ya picha, na filamu inaisha hapo hapo kabla hujajua alifika wapi. Hilo lilikuwa kopo la tatu. Kopo la sita ni seremala anakula chakula cha mchana na mbwa anamtazama. Basi, hakuna kingine. Na ukumbi mzima, watu wazima na watoto wao, tunashika pumzi kujua kama mbwa atapewa.

"Hawa walikuwa hawajui kwamba filamu lazima iwe na kisa," Mpini aliniambia onyesho lilipokwisha, akifuta lenzi kwa pindo la shati. "Waliweka kamera chini, wakaacha watu wapite."

"Na mbwa, alipewa?"

Akacheka. Ana mwanya, na akicheka anaficha mdomo kwa mkono kama msichana wa shule. Mimi nilikwisha hapo hapo.

Miezi minane baadaye tulikuwa tumeshakubaliana. Mjomba wake, aliyemlea, angekuja Jumapili saa kumi kuzungumza na shangazi. Ningekuwa mwanamke mwenye amani zake, kama si kopo la kumi na moja.

Hakuna anayejua nani aliipiga filamu ile wala wapi, karatasi ya juu ya kopo ilishafutika. Ni uani kwa dobi. Wanawake wanne wanaanika shuka kwenye kamba na upepo unavuma. Shuka moja inapeperuka inafunika kamera, ukuta wote unakuwa mweupe. Inaposhuka, amesimama mmoja wao mwenye kapu kiunoni. Wenzake wanaendelea na kazi. Yeye anatazama. Anakutazama wewe, machoni, anacheka, anasema neno moja ambalo hakuna atakayelisikia, kisha anageuka na filamu inakwisha. Na akitokea yeye, picha yenyewe inang'aa, kana kwamba jua lilikuwa likimsubiri yeye tu.

Si mrembo. Nilimchunguza, niamini. Pua yake imekaa upande na mkono mmoja wa gauni umeshonwa vibaya.

Sasa, projekta ya Mpini ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, ndiyo asili ya jina lake. Mizunguko miwili kwa sekunde, trr-trr, trr-trr, saa nzima bila kutetereka. Mimi cherehani yangu pia ni ya mkono. Siwezi kukaa karibu na kitu kinachozungushwa nisikihesabu. Na kiti changu kilikuwa pembeni ya mashine, kiti cha mchumba, watu walishakijua. Jumamosi moja, mwezi wa saba wa kujuana kwetu, nikasikia. Shuka ilipofunika kamera, trr-trr. Iliposhuka, trrr... trrr... Mkono ulilegea.

Nikamtazama usoni. Mdomo umefunguka kidogo, macho yametulia. Niliyajua macho yale. Nilidhani ni yangu.

Nikasema ni bahati mbaya. Jumamosi iliyofuata nikahesabu tena, na mara zote mbili mkono ulilegea palepale, kwa yule yule. Sio kwa seremala, sio kwa mbwa, sio kwa wale wanawake wengine watatu ambao, kusema kweli, walikuwa wanafanya kazi zaidi. Ikafika mahali siitazami filamu tena, namtazama yeye akiitazama. Siku moja nilijikuta nimesimama mbele ya kioo na kapu la nguo chafu kiunoni, nageuza shingo.

Alhamisi, siku tatu kabla mjomba hajaja, shangazi alikuwa amekaa kitandani kwake anakata kucha za miguu.

"Umeshaamua utavaa nini Jumapili?"

"Shangazi, kuna mwanamke."

Mkasi ukasimama. "Nilijua. Hawa wapole wapole ndio wenyewe. Anakaa wapi?"

"Hakai popote."

"Hana hata pa kukaa?"

"Amekufa."

"Ooh. Mungu amrehemu. Lini, mwaka huu?"

"Miaka mia na kitu. Yuko kwenye filamu."

Shangazi akaweka mkasi chini, akanishika paji la uso. "Homa huna."

"Nisikilize basi. Akifika kwa yule mwanamke, mkono wake unapunguza mwendo."

"Mkono."

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Nimesikia waume wamefumaniwa na jirani, na shemeji, na mmoja alifumaniwa na mama mwenye nyumba akiwa amekwenda kulipa kodi. Wa kufumaniwa na mpini, huyu ni wa kwanza."

Akacheka mpaka akalala chali, miguu juu. Aliponiona sicheki akainuka, akajifuta machozi, na sauti yake ikabadilika.

"Tuongee kikubwa. Mimi huyo mwanamume simpendi sana na sikukuficha. Mtu wa miaka arobaini na tano anazungusha chuma kuwaonyesha watu mbwa anasubiri mfupa. Lakini sikumkataa. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Tangu umjue, sanduku la cherehani limejaa vumbi. Miezi minane hujaligusa." Akanitazama. "Leo asubuhi nimelikuta limefutwa."

Nilikuwa nimelifuta usiku uliopita, hata taa sikuwasha.

"Muulize," akasema. "Muulize kwa mdomo, sio kwa miguu."

Ijumaa mchana nilimkuta kwenye chumba chake nyuma ya ukumbi, glavu nyeupe mikononi, amenyoosha filamu mezani anaipangusa. Tepu yangu ya kupimia ilikuwa bado shingoni, nilitoka kwangu bila kuivua.

"Mpini, kwa nini unalegeza mkono kwenye kopo la kumi na moja?"

"Nalegeza?"

"Shuka ikishuka. Unatoka mizunguko miwili unakuja mmoja na nusu. Usinifanye mtoto, nazungusha gurudumu tangu nina miaka kumi na mitatu."

Masikio yake yakaiva, niliyaona. "Aa, pale. Pale pana kiungo. Filamu ilikatika zamani, mzee akaiunga kwa gundi. Nikipita kwa kasi itaachia."

Kiungo! Nilipumua kwa mara ya kwanza katika wiki sita. Kiungo nakielewa. Hata mimi nikifika penye kitambaa kilichokunjwa mara nne napunguza, sindano isivunjike. Nilikaribia kumkumbatia.

"Hebu nikione."

"Cha nini?"

"Mimi ni mtu wa mishono. Nionyeshe."

Akasita. Kule kusita kungenitosha. Akalitoa kopo la kumi na moja, akanipa glavu, nami nikaivua glavu ya kulia na kupitisha ukingo wa filamu kati ya vidole, macho nimefumba. Nilikipata mapema, kinundu chembamba cha gundi. Nikafumbua. Ni shuka ya kwanza, mwanzoni kabisa, kabla upepo haujaanza. Nikaendelea kuvuta. Shuka ikafunika, shuka ikashuka, akaja yeye, mdogo kama ukucha, mara mia, kapu kiunoni. Pale pote filamu ilikuwa laini tupu.

Nikavua tepu shingoni, nikapima.

"Kiungo kiko hapa. Bibi huyu yuko hapa. Umenidanganya kwa mita mbili na sentimita kumi."

Alikaa kwenye kiti chake. "Nilisema neno la kwanza lililokuja."

"Sema la pili."

"Sijui. Hilo ndilo la pili. Nikifika pale mkono unalegea wenyewe. Nisipoulegeza naona kama namkosea."

"Unamkosea. Yeye."

"Fundi, tafadhali."

"Anafanana na nani?"

"Hafanani na mtu."

"Basi ni yeye mwenyewe unayemtaka."

"Ni mtu wa kwenye filamu! Alishakufa!"

"Ndiyo maana siwezi hata kwenda kumtukana kwake!"

Nje, kwenye maktaba, mtu alikohoa. Mpini akashusha sauti, akaanza kunieleza, kwa upole wake ule unaokera. Kwamba kwenye makopo yote kumi na tisa watu wako na shughuli zao. Kwamba waigizaji wa siku hizi wamefundishwa kamera haitazamwi, lakini huyu hakufundishwa na mtu. "Yeye peke yake ametutazama," alisema. "Wewe hulioni hilo?"

"Na mimi?" nilimuuliza. "Miezi minane nakaa kwenye kile kiti, nakutazama. Mimi nikikutazama, unapunguza nini?"

Mwanamume mjanja angejibu. Wale wawili niliowakimbia wangejibu, tena vizuri, na ningewaamini mpaka asubuhi. Mpini alitazama glavu zake.

"Mwambie mjomba wako asije Jumapili," nikasema.

"Unahama?"

"Nani kakwambia mimi huwa nahama?"

"Shangazi yako. Alisema siku ukifuta sanduku, nijue."

"Kumbe mnanijadili."

"Njoo kesho tu. Onyesho la kesho. Halafu nenda, sitakufuata."

Jumamosi saa tisa cherehani ilikuwa ndani ya sanduku, nguo zimekunjwa, na nilishajua basi la kesho asubuhi linaondoka saa ngapi. Nikajiambia naenda kumtazama yule mwanamke kwa mara ya mwisho, nimjue vizuri aliyenishinda. Shangazi akachukua mkoba wake, akasema naye anakuja, hajawahi kuona mtu amefumaniwa na marehemu.

Kile kiti changu pembeni ya mashine kilikuwa kitupu. Nilikipita. Nikakaa mstari wa mbele kabisa, mgongo wangu kwake. Sikumtazama hata kumsalimia.

Mapazia yakafungwa. Mwanamume akaanguka na baiskeli. Seremala akala.

"Mbona mbwa hapewi?" shangazi akauliza kwa sauti.

"Filamu inaisha, shangazi."

"Huyo seremala ana roho mbaya. Hata nyama iliyobaki kwenye mfupa?"

Halafu kopo la kumi na moja. Uani kwa dobi. Wanawake wanne. Upepo. Shuka ikaja, ukuta ukawa mweupe, na nuru ikanipiga usoni. Nikafumba macho, nikafungua masikio. Trr-trr, trr-trr. Nikasubiri ulegee ili niumie kwa mara ya mwisho, niondoke.

Haukulegea.

Shuka ilishuka na mizunguko ikabaki miwili, sawasawa, migumu. Alikuwa ameukaza mkono. Nilisikia anavyoukaza. Alikuwa anafanya kwa ajili yangu, na nilitegemea kufurahi.

Nikafumbua macho. Yule mwanamke alitokea kama aliyesukumwa. Akacheka kwa mshtuko mmoja, mdomo ukafunguka ukafumba, akageuka kama kuku. Watu wakacheka. Mtu nyuma akasema, "Huyo dada ameacha maziwa motoni!"

Lakini mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa naitazama shuka. Ni kazi yangu kutazama kitambaa. Shuka ya pamba iliyotoka majini ni nzito, inashuka kwa kusitasita, inajikunja kwenye pindo. Ile ilidondoka kama karatasi. Na shuka zingine zote nyuma yake zilipiga piga kama bendera. Nimeanika shuka tangu nina miaka sita, na sijaona shuka mbichi ya namna ile. Kumbe kabla yule mwanamke hajatokea, zilikuwa zinakwenda kama shuka. Alipotokea yeye tu, uani mwote mkaingia haraka.

Mashine ilinyamaza, Mpini akaifunga filamu upya kwa mara ya pili. Ukumbi ulikuwa unanong'ona. Nilikuwa nimeshika kitu, nilikuwa sijajua ni nini.

Trr-trr. Wanawake. Upepo. Ukuta ukawa mweupe.

Nikageuka.

Sijui kwa nini niligeuka wakati ule. Nadhani nilitaka kuuona mkono wake. Ile nuru nyeupe ilirudi kutoka kwenye kitambaa nilichomshonea, ikaujaza ukumbi, na katika vichwa sitini vilivyotazama mbele, uso wangu peke yake ulikuwa unatazama nyuma. Mpini akaniona. Nilimwona akiniona. Mwanya wake ukaonekana.

Nyuma yangu shuka ikashuka. Na mashine ikanyamaza.

Kama hujui, filamu haisimamishwi mbele ya taa. Watu wote walishtuka kwa pamoja, "Aaah!" Nikageuka mbele. Yule mwanamke alikuwa amesimama ukutani, mdomo wazi, hatembei, na begani kwake doa la kahawia lilikuwa linatoka, linapanuka, linatoa mapovu, linakwenda shingoni.

"Zungusha!" nikapiga kelele. Nilikuwa nimesimama. "Zungusha, Mpini, anaungua! Polepole! Kama siku zote!"

Trrr... trrr... trrr...

Shuka za nyuma yake zikapepea kama shuka. Akacheka, taratibu, cheko la mtu ambaye hana pa kuwahi. Akasema neno lake. Akageuka.

Watu walipotoka, nilimkuta mezani, kopo wazi, hajavaa hata glavu. Shangazi alijiwekea kiti mlangoni, mkoba mapajani, kama askari.

"Moja imetoboka," Mpini alisema bila kuinua kichwa. "Mbili jirani zake zimekunjamana. Miaka kumi na minne sijawahi kuunguza hata moja."

"Leo ulizungusha sawasawa. Ile mara ya kwanza."

"Ulitaka hivyo."

"Akaenda mbio. Na shuka zikaenda mbio. Mpini, aliyepiga hii filamu, kamera yake ilikuwa inajizungusha yenyewe?"

"Hapana, wote walizungusha kwa mkono. Mizunguko miwili kwa..."

"Akilegeza?"

"Akilegeza, picha zinakuwa chache." Alisema polepole, kama mtu anayesoma barua. "Ukizionyesha kwa mwendo wa kawaida, kila kitu kinakimbia. Mpaka anayeonyesha naye alegeze hivyo hivyo."

Akainuka ghafla, akaivuta filamu, akainyanyua mbele ya taa. Nikasogea, bega kwa bega. Picha za mwanzo kijivu, kijivu, kijivu. Shuka. Na baada ya shuka zikaanza kuwa nyeupe, kidogo kidogo, jinsi vidole vyake vilivyokuwa vinasogea.

"Mkono ukilegea kwenye kamera, kila picha inakaa wazi muda mrefu zaidi," alisema. "Mwanga unaingia mwingi. Fundi, mimi miaka yote hii nadhani ni jua."

"Hakuwa anatutazama sisi."

"Hapana."

"Alikuwa anamtazama mwenye kamera. Na mwenye kamera mkono ukamlegea."

Mpini akakaa. Alionekana kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba na ya harusi kwa wakati mmoja. Mimi nilisimama. Kulikuwa na mwanamume mwingine chumbani mle, wa miaka mia na zaidi, hana uso wala jina, ametuachia mkono wake tu. Wivu wangu ulimtazama huyo, ukakosa la kusema.

"Kwa hiyo huyo marehemu ana mtu wake?" shangazi akauliza mlangoni.

"Ndiyo, shangazi."

"Haya. Mimi mgongo unaniuma." Lakini hakuinuka.

"Mkono wako ulikuwa unarekebisha tu ulegevu wa mwenzio," nilimwambia Mpini.

"Labda." Akanitazama. "Sitaki kukudanganya tena. Nampenda kidogo pia."

"Najua. Nimekuona usoni."

"Jana uliniuliza swali. Sikuwa na jibu."

"Nimeshalipata. Liliungua pale ukutani mbele za watu sitini." Nikainamia ile picha iliyotoboka. "Kwake mkono unalegea. Kwangu ulisimama."

Akaficha mdomo kwa mkono. Nikautoa ule mkono pale.

"Mimi bado nipo hapa," alisema shangazi.

Nikamwambia Mpini anipe mkasi na gundi. Nilikata zile picha tatu, nikakwangua kingo, nikaunga. Kiungo changu ukikipitisha vidoleni hukisikii, muulize yeyote.

"Nimejiuliza miaka yote anasema neno gani," alisema, akiwa ameinama karibu na shavu langu.

"Yuko kazini, anageuka, anamkuta mtu ameacha kazi yake anamkodolea macho. Wewe ungemwambia nini?"

Akafikiri. Nikaona neno linamfikia. Lile lile la kwanza nililolipigia kelele mimi ukumbini.

"Mjomba ulishamwambia asije?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilitaka umwambie mwenyewe."

"Basi mwambie awahi. Shangazi hapendi watu wa saa kumi wanaofika saa kumi na mbili."

"Na aje ameshakula," shangazi akaongeza, "mimi sio yule seremala, lakini sitaki mazoea."

Mpini akanyoosha mkono kuzichukua zile picha tatu. Ana kikopo kidogo anachowekea vipande vya filamu vilivyokufa. Nikaziwahi.

"Hizo nipe mimi."

"Za nini? Zimeungua."

"Nipe."

Ni miaka ishirini na mbili sasa. Ziko chini kabisa ya kopo langu la vifungo, zimefungwa kwenye kipande cha pamba nyeupe, moja ina tundu na mbili zimekunjamana. Mara moja moja Mpini huniuliza nimeziweka wapi, anataka kuzitazama tu. Humwambia sijui, nyumba kubwa hii, nitazitafuta.

Tuna vyumba viwili.